Chungu Kimoja, Matumbo Tofauti: Mlo wa Mchujo Katika Familia

Katika makundi ya WhatsApp ya wazazi na kwenye video fupi za simu, ushauri umekuwa ni uleule: mtoto akilalamika tumbo, akitoka vipele au akishindwa kutulia darasani, ondoeni nyumbani ngano, maziwa, mayai, karanga na soya, nyumba nzima, kwa mwezi mmoja, kisha mtaona wenyewe. Wapo wanaoapa kwamba ushauri huo umewaokoa. Wapo madaktari wanaouona kuwa ni kumnyima mtoto chakula bila sababu. Katikati wamebaki wazazi wasiojua wamsikilize nani, na baadhi yao wamelipia vipimo vya damu vilivyowarudishia orodha ndefu ya vyakula vya kuepuka, wakabaki na hofu kubwa kuliko waliyokwenda nayo. Makala hii inachambua swali moja: je, familia ikifanya mchujo wa chakula kwa pamoja, inaweza kweli kumjua mwenye tatizo na chakula kinachomletea tatizo hilo? Ninavyoona mimi, ndani ya swali hilo yamechanganywa mambo mawili, yaani kula pamoja na kupimwa pamoja. La kwanza lina faida nyingi. La pili ndilo linalopotosha majibu.

Mzio, tumbo kushindwa, na chakula kibovu

Sehemu kubwa ya mkanganyiko inaanza pale ambapo kila dhara la chakula huitwa mzio. Mzio halisi ni kazi ya kinga ya mwili. Mwili huchukulia protini ya chakula fulani, kama ya karanga, yai, maziwa au kamba, kuwa ni adui, na ndani ya dakika chache hadi saa mbili hivi mtu huvimba midomo, hutoka vipele vya kuwasha, hutapika, hukosa pumzi, na anaweza kufa. Kiasi kidogo sana kinatosha kuleta madhara hayo. Mwili kutostahimili chakula ni jambo jingine kabisa. Aghalabu ni tatizo la usagaji: tumbo hujaa gesi, husokota na kuharisha, na kiasi ndicho kinachoamua, kwani mtu anaweza kunywa nusu kikombe salama akaumia kwa kikombe kizima. Mlo wa mchujo unafaa hasa kwa kundi hili la pili. Kwa kundi la kwanza, kuondoa chakula nyumbani na kukirudisha bila daktari ni kucheza na uhai wa mtu.

Maziwa ni mfano mzuri kwa sababu yanatuhusu sana. Watu wazima wengi duniani, takriban theluthi mbili, hupungukiwa na kimeng'enya cha laktesi baada ya utoto, hivyo sukari ya maziwa, laktosi, huwafikia bakteria wa utumbo mpana ikiwa haijasagwa. Afrika Mashariki hali hiyo hutofautiana sana kati ya jamii na jamii. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha watu 470 kutoka Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba wafugaji wengi wa eneo hili wanaendelea kusaga maziwa ukubwani kutokana na mabadiliko ya kijenetiki yaliyozuka hapahapa, tofauti na yale ya Wazungu. Kwa hiyo katika nyumba ambayo baba ametoka jamii ya wafugaji na mama jamii ya wakulima au wavuvi, watoto waliozaliwa tumbo moja wanaweza wasifanane mbele ya glasi moja ya maziwa. Hapo ndipo wazo la kuitendea familia kama mwili mmoja linapoanza kuyumba.

Kuna pia kundi la tatu ambalo wauza ushauri hulisahau, nalo ni chakula kilichoharibika au kilichopikwa vibaya. Vibua na jodari wasiowekwa kwenye barafu mapema hujenga histamini, kemikali ileile inayohusika na mzio, na moto wa jikoni hauiondoi. Mlaji huiva uso, kichwa humgonga, moyo humwenda mbio, naye huondoka akiamini kwamba ana mzio wa samaki. Maharage ambayo hayakuchemshwa sawasawa hutapisha yeyote atakayeyala. Mahindi yaliyoota ukungu yana sumukuvu, na sumukuvu imeua watu katika milipuko ya Kenya mwaka 2004 na Tanzania mwaka 2016. Tofauti hapa ni rahisi kuiona: wote waliozunguka sinia wakiugua, tuhumu chakula kabla ya kutuhumu tumbo la mtu. Na mtoto aliyetoka kuharisha kwa siku kadhaa anaweza kushindwa maziwa kwa wiki chache mpaka ukuta wa utumbo upone, kisha akayanywa kama kawaida. Kumwekea mtoto huyo jina la "asiyekunywa maziwa" ni kulifanya tatizo la mwezi mmoja liwe la maisha.

Njia hii ilivyoanza, na jinsi ilivyoingia sebuleni

Mlo wa mchujo haukuanza na mitandao. Daktari Albert Rowe wa Oakland, California, aliusambaza kuanzia miaka ya 1920, wakati ambapo vipimo vya ngozi vilikuwa vikitoa majibu yasiyoaminika. Mantiki yake haijabadilika sana hadi leo: ondoa vyakula vinavyoshukiwa kwa muda mfupi, dalili zikitulia rudisha kimoja kimoja, na kile kitakachoziamsha ndicho mshukiwa. Hatua ni mbili, na ya pili ina uzito kuliko ya kwanza. Kwa Rowe, anayechunguzwa alikuwa ni mgonjwa mmoja mbele ya daktari wake. Miaka ya 1970 daktari mwingine wa California, Benjamin Feingold, alidai kwamba rangi na ladha za viwandani huwafanya watoto wasitulie, akashauri familia nzima ifuate mlo huo pamoja na mtoto. Kuanzia hapo mchujo ukawa mradi wa nyumba.

Dai la Feingold linastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu lilipimwa kwa ngazi ileile ya familia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walichapisha mwaka 1978 jaribio ambamo walibeba jukumu la kulisha nyumba nzima. Waliondoa vyakula vilivyokuwamo, wakaleta vipya kila wiki, na wakaficha ni wiki zipi zenye mlo wa Feingold na zipi zenye mlo wa kawaida. Kwa wavulana 36 wa umri wa shule, walimu na watazamaji wa darasani hawakuona tofauti ya maana. Kwa kundi dogo la watoto 10 wasiofikia umri wa shule, ripoti za wazazi zilionyesha nafuu. Baadaye, mwaka 2007, utafiti wa Southampton, Uingereza, uliohusisha watoto 153 wa miaka mitatu na 144 wa miaka minane na tisa, ulionyesha kwamba mchanganyiko wa rangi fulani na sodiamu benzoati huongeza kidogo utukutu kwa baadhi ya watoto, na tangu mwaka 2010 Umoja wa Ulaya unataka vyakula vyenye rangi hizo viwe na onyo. Kwa hiyo Feingold hakuota kila kitu. Aliona kitu kidogo akakitangaza kuwa kikubwa, na kilichokikuza ni macho ya wazazi waliokuwa wakitarajia nafuu.

Wanaotaka nyumba nzima iingie

Hoja ya kwanza ya upande huu ni ya jikoni, nayo ina nguvu. Nyumba nyingi za kwetu zina moto mmoja na mpishi mmoja. Kumpikia mtoto mmoja mboga yake, uji wake na kitafunio chake ni kazi maradufu, gharama maradufu ya mkaa au gesi, na mwanya wa makosa, maana upawa uliokoroga mchicha wa karanga ndio utakaotumbukia kwenye sufuria yake. Hoja ya pili ni ya utu. Mtoto anayetengewa sahani wakati wenzake wanakula sinia moja huhisi ameadhibiwa, naye ataiba andazi la ndugu yake, na wiki tatu za mchujo zitakuwa zimekwisha kwa tonge moja bila mzazi kujua. Nyumba ikiwa haina andazi, hakuna la kuiba.

Hoja ya tatu ni kwamba watu huishi na dalili kwa miaka wakizidhani ndizo kawaida. Baba anayejaa gesi kila jioni huenda akagundua kwamba chai ya maziwa ya mara tatu kwa siku inamsumbua. Na sisi tuna nafuu ambayo jiko la Ulaya halina: ugali wa mahindi au mtama, wali, ndizi, viazi vitamu, mihogo, vitumbua na mkate wa kumimina havina ngano. Familia ya Tanga inaweza kukaa wiki tatu bila chapati, mkate na tambi ikala vizuri tu. Anayesema mchujo hauwezekani kwetu kwa kuwa ni mambo ya wazungu hajaitazama meza yetu vizuri.

Wanaopinga, na kile wanachokiona

Pingamizi kubwa ni la ushahidi. Nyumba nzima inapobadili mlo, hakibadiliki chakula tu. Soda huondoka pamoja na biskuti, watu hula nyumbani badala ya kibandani, chakula cha usiku huliwa mapema, na mtoto mwenye tatizo hupata uangalizi ambao hakuwahi kuupata. Tumbo likitulia, ni lipi lililolituliza? Tena watu watano wanaohojiana kila asubuhi kuhusu matumbo yao huambukizana majibu. Mmoja akisema anajisikia mwepesi, mwingine naye huanza kuusikia wepesi. Hii si dharau kwa mtu yeyote, kwani ndivyo mwili na akili vinavyofanya kazi, na ndiyo sababu watafiti huficha chakula wanachopima. Katika Kisiwa cha Wight, Uingereza, watoto walifuatiliwa tangu kuzaliwa hadi miaka mitatu. Wazazi wa takriban theluthi moja yao waliripoti tatizo la chakula, lakini baada ya kupimwa rasmi waliothibitika walikuwa asilimia 5 hadi 6. Wazazi hao hawakudanganya. Waliona dalili za kweli wakazikabidhi kwa chakula kisichohusika.

Ngano inaonyesha jinsi mshukiwa asiye sahihi anavyoweza kuhukumiwa. Watu wengi wanaoacha ngano hupata nafuu, wakaamini kwamba gluteni ndiyo adui. Mwaka 2018 watafiti wa Norway waliwachukua watu 59 waliojiona hawaistahimili gluteni, wasio na ugonjwa wa siliaki, wakawapa kwa zamu vitafunio vyenye gluteni, vyenye fruktani, na visivyo na chochote kati ya hivyo, bila wao kujua wanakula kipi. Kilichowasumbua zaidi kilikuwa fruktani, sukari inayochacha tumboni, na gluteni haikupishana na kitafunio kitupu. Sasa fruktani haimo kwenye ngano tu. Imejaa kwenye kitunguu maji na kitunguu saumu, ambavyo hakuna mchuzi wa kwetu usio navyo. Familia inayoondoa chapati na kubakiza vitunguu itapata nafuu nusu, ikalaumu gluteni, ikatafuta mikate ghali ya madukani, na kila jioni ikaendelea kukaanga chanzo cha tatizo. (Wenye shida hiyo wanaweza kukaanga vitunguu katika mafuta kisha wakaviopoa kabla ya kutia maji, kwa kuwa fruktani haiyeyuki katika mafuta wakati ladha yake hubaki.)

Pingamizi jingine la madaktari ni la mpangilio. Ugonjwa wa siliaki, ambamo gluteni huharibu ukuta wa utumbo, hutafutwa kwa kipimo cha damu kinachohitaji mgonjwa awe bado anakula ngano. Mtu akishaiacha kwa wiki kadhaa kingamwili zinazotafutwa na kipimo hicho hupungua, kipimo kinatoka safi, naye anaambiwa hana ugonjwa alionao. Mwenye kuhara kwa muda mrefu, kukonda au upungufu wa damu usioeleweka apimwe kwanza, mchujo baadaye. Kuhusu vile vipimo vya kingamwili za IgG vinavyouzwa kuwa vinafichua vyakula mia kwa tone moja la damu, jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa mzio ilikwisha kutamka tangu mwaka 2008 kwamba havifai kwa kazi hiyo, kwa kuwa kingamwili hizo huonyesha tu kwamba mwili umekutana na chakula hicho. Ndiyo maana majibu yake hujaa vyakula ambavyo mtu hula kila siku.

Gharama ambayo haionekani mwezi wa kwanza

Mtu mzima akikosa maziwa na mayai wiki nne hatadhurika. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ni habari nyingine. Takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Kenya asilimia 18. Katika nyumba ambazo protini ya mtoto inatoka kwenye kikombe cha maziwa, yai la mara mojamoja na maharage, kuondoa vitu hivyo vitatu kwa pamoja ni kumwachia mtoto wanga mtupu. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba mwezi mmoja hugeuka mwaka. Mtoto ametulia, mzazi anaogopa kuchokoza, na chakula hakirudi. Orodha ya vilivyokatazwa huongezeka tu, haipungui.

Tena kwa watoto wenye pumu ya ngozi, kukaa mbali na chakula kwa muda mrefu kumeonekana kuwaletea baadhi yao mzio mkali pale chakula kinaporudishwa, ingawa awali walikuwa wakikila bila hatari ya namna hiyo. Mwaka 2015 utafiti wa George Lack na wenzake wa London, uliohusisha watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari kubwa, ulionyesha kwamba waliolishwa karanga mapema walipata mzio wa karanga mara chache zaidi kuliko walioepushwa nazo: kwa jumla asilimia 3.2 dhidi ya 17.2. Ushauri wa zamani wa kuwaficha watoto karanga uligeuzwa. Kwa hiyo familia inayofuta karanga nyumbani kwa ajili ya kaka mkubwa huenda inamnyima mdogo wake kinga aliyokuwa akijengewa kwa uji tu.

Hapo wapo watakaouliza: kama mtoto ana nafuu, sababu ya kweli inatuhusu nini? Inatuhusu kwa kuwa nafuu iliyopewa sababu isiyo sahihi hudai malipo kila siku. Aliyeacha ngano wakati kilichomsumbua ni kiasi kikubwa cha maziwa atakosa chapati bure, na maziwa yatampata tena kwenye chai ya harusini. Aidha mtu aliyeamini kwamba hawezi maziwa kabisa huenda angeweza mtindi, ambao bakteria wake hupunguza laktosi na kusaidia kuisaga, au hata glasi moja pamoja na mlo. Wengi wasiosaga laktosi vizuri huhimili gramu 12 hivi kwa mkupuo, ambayo ni glasi ya kawaida.

Kupima hoja zote

Nikiziweka pamoja, naona upande wa jikoni umeshinda kwenye hoja yake na upande wa ushahidi umeshinda kwenye yake, na hakuna ulazima wa kuchagua mmoja. Familia ile chungu kimoja, lakini anayechunguzwa awe mtu mmoja, kwa chakula kimoja. Dalili zake ziandikwe kwenye daftari kabla ya kuanza, angalau wiki nzima, ili kuwe na cha kulinganisha. Wengine wasihojiwe kuhusu matumbo yao. Wadogo zake waendelee kupata maziwa au yai kwa wakati wao, hata kama ni shuleni au kwa bibi. Baba mwenye gesi asubiri zamu yake. Ni polepole, na wengi watasema ni heri kuondoa vitu sita kwa mkupuo ili kumaliza kazi. Lakini hata kwa ugonjwa mzito wa umio unaosababishwa na chakula, utafiti wa Marekani wa mwaka 2023 kwa watu wazima 129 ulionyesha kwamba kuondoa maziwa peke yake kwa wiki sita kulituliza ugonjwa kwa asilimia 34 yao, na kuondoa makundi sita ya vyakula kuliutuliza kwa asilimia 40, tofauti ndogo mno kudai mateso makubwa kiasi hicho.

Muda wa kuondoa ni wiki mbili hadi nne, na sita ni kikomo. Zisipobadilika dalili, chakula hicho kimeachiwa huru na kirudi mezani. Zikitulia, hapo ndipo kazi inapoanza: kirudishwe kidogo siku ya kwanza, zaidi siku ya pili, kiasi cha kawaida siku ya tatu, bila kurudisha kingine. Ikiwezekana anayepimwa asijue ni siku gani, jambo ambalo kwa maziwa ndani ya uji si gumu. Dalili zikirudi, kiondolewe, zitulie, kisha kirudishwe tena, maana mara moja huweza kuwa bahati mbaya tu. Na unga wa uji wa lishe uwekwe kando kipindi chote. Mahindi, ulezi, soya, karanga, pengine ngano na dagaa vimesagwa pamoja humo, na mtoto anayeunywa asubuhi hajaondolewa kitu chochote. Pakiti za viungo na supu zisomwe kibandiko, kwani unga wa ngano na wa maziwa hujificha humo.

Wapo wasiopaswa kuanza wenyewe nyumbani. Aliyewahi kuvimba midomo au kukosa pumzi baada ya kula, mtoto wa chini ya miaka miwili, mjamzito, mtoto asiyeongezeka uzito, na yeyote mwenye damu kwenye choo, hao waende hospitali kwanza, na mtoto aonwe na afisa lishe pia, ambaye katika hospitali nyingi za wilaya yupo. Maziwa yakilazimika kuondoka kwa mtoto mkubwa kidogo, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, mboga za majani na kunde zipangwe kabla ya siku ya kwanza, zisisubiri siku ya kumi.

Kwa hiyo mlo wa mchujo ni chombo halali, na familia kushiriki ni jambo jema, mradi ushiriki huo ubaki kwenye sufuria na usiingie kwenye uamuzi. Nyumba ambayo haijapanga tarehe ya kurudisha chakula isianze kukiondoa.